Mkate wa Bi Maud

Jioni ile nilikuwa nimetoka kununua mishumaa.

Hilo tu. Mishumaa, na maziwa ya mwanangu, kwenye spaza, kiduka cha pale kona, Troyeville. Ilikuwa mwezi wa sita mwaka 2015, baridi ya Johannesburg ile ya kuuma masikio, na umeme ulikuwa umekatwa kwa mgao. Robot, zile taa za kuongoza magari njia panda, zimezima, magari yanapita kwa kuoneana haya. Nikiwa nahesabu mishumaa kama dukani wamenipunja, simu ikaita.

Alikuwa Bi Hester.

"Mwana," alisema. Jina langu ni Mwanaharusi, lakini lilimshinda tangu siku ya kwanza, akaona alikate katikati. "Maud amefariki."

Nikasema innalillahi. Nikampa pole. Nilisikia pumzi zake, na nyuma ya pumzi zake kimya... kimya ambacho nyumba ile haikuwa nacho siku zote.

"Umeshakula?" akauliza.

Nikamwambia bado.

"Vizuri. Usile. Njoo."

Mimi ni mtu wa Tanga. Mtu wa Tanga akiulizwa na mfiwa kama amekula, anajua ameangukia kwa waungwana. Nikajisemea, mwone bibi wa watu, amefiwa na dada yake na bado anafikiria tumbo langu. Huruma ikanijaa hata machozi yakanitoka pale pale dukani.

Nilikuwa nawatunza wale mabibi wawili kwa muda wa kutosha kuwapenda. Walikuwa Waingereza, dada wa tumbo moja, wakubwa sana kwa umri. Baba yao aliwaleta huku baada ya vita, yeye akafanya kazi za migodi mpaka akafa, nao wakabaki kwenye nyumba yao ya bati jekundu kule Bez Valley bila kuolewa. Kwa miguu walikuwa Afrika Kusini. Kwa roho walikuwa bado kijijini kwao, Wenbrook, karibu na mpaka wa Wales, mahali ambapo mimi sitafika wala sitaki.

Kila siku wakati wa chai Bi Hester alinisimulia habari za kijiji hicho. Kanisa lake la mawe lenye kengele moja. Mtu akifa kengele hugongwa kwa hesabu ya miaka yake, na watu mashambani husimamisha majembe wakahesabu, wakajua ni nani. Alinieleza kwamba mwenye nyumba akifa, mtu huenda na ufunguo akagonga mizinga ya nyuki na kuwaambia, maana nyuki wasipoambiwa hukasirika wakahama. Alinieleza jinsi walivyosuka mwanasesere wa mabua ya ngano ya mwisho, akatundikwa jikoni mpaka mavuno mengine, ili roho ya shamba isikose pa kulala.

"Kumbe na nyie mna mambo, Bi Hester," nilimtania. "Sisi tunasemwa bure."

Alicheka. "Sana, Mwana. Tuna mambo sana."

Bi Maud hakucheka. Bi Maud alikaa kwenye kiti chake akiwa amekalia mikono yake miwili, kila siku, asubuhi mpaka jioni. Nilidhani ni baridi yabisi. Nilimlisha kwa kijiko maana hakupenda kuitoa. Kijiji kikitajwa alisikiliza, lakini Bi Hester akifika kwenye kinu cha maji na bwawa lake, Bi Maud alifumba macho, na mazungumzo yakahama yenyewe. Ukutani palikuwa na picha ya wasichana watatu darajani, wamevaa mashada ya maua kichwani. Niliuliza yule mdogo ni nani. Bi Hester akajibu, "Elsie. Alizama." Sikuuliza tena.

Basi nilirudi nyumbani mbio. Tulikuwa tunapanga nyumba moja na Wakongo wa Lubumbashi, Ruphin na mkewe Léocadie. Léocadie msusi, mwanamke mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Hawakujaliwa mtoto, kwa hiyo mwanangu Nusaiba alikuwa na mama wawili chini ya paa moja, na baba mmoja wa kuazima, maana wa kwake alirudi Tanga kuoa mke mwingine, nami nikamwambia aoe salama. Nilimwacha mtoto kwa Léocadie akisukwa kwa mwanga wa mshumaa. Ruphin alikuwa mlinzi wa mtaa ule ule wa mabibi, na zamu yake ilikuwa inaanza, tukafuatana.

Nyumba ilikuwa wazi.

Madirisha yote yamefunguliwa, baridi inaingia itakavyo. Kioo cha sebuleni kimefunikwa shuka. Saa ya ukutani imesimamishwa kwa mkono. Bi Maud alilala chumba cha mbele, mishumaa miwili kichwani, nguo nyeupe mpaka shingoni. Mikono yake ilikuwa imefungwa pamoja kwa utepe, vifundoni, kwa nguvu. Na chumba kilikuwa na harufu...

Si ya maiti. Naijua ya maiti. Hii ilikuwa harufu ya maji yaliyotuama. Matope na majani yaliyooza. Niliangaza macho nione chombo cha maua kilichosahauliwa, sikukiona.

Kifuani mwa Bi Maud palikuwa na sahani ya mti yenye chumvi, na juu ya chumvi mkate mdogo wa mviringo.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipopotea. Kwetu maiti akisubiri kuoshwa huwekewa kitu kizito tumboni asivimbe. Mkasi, kisu, chochote cha chuma. Nilipoiona sahani ile nikasema, haya, kila watu na kwao, wao huweka chumvi. Wala sikushtuka. Bi Hester, aliyesimama ng'ambo ya kitanda, akauchukua ule mkate kwa mikono miwili, akanipitishia juu ya mwili wa dada yake.

"Kula, Mwana."

Chakula cha msibani hakisukumwi. Ukikikataa umemwambia mfiwa kwamba msiba wake ni uchafu. Hilo tumefundishwa tangu tunabebwa mgongoni kwa leso. Kwamba umetoka kifuani kwa maiti, nililiona, na moyo ulisita kidogo. Lakini nikamtazama yule bibi, peke yake duniani, nikaona haya. Nikaula.

Ulikuwa wa moto bado. Chumvi nyingi.

"Wote," alinong'ona. "Usibakishe."

Nikamaliza mpaka chembe za kiganjani.

"Sema baada yangu. Lala, Maud. Ulichobeba nakibeba mimi."

Nami nikasema. Kwetu husemwa kila siku, msiba wako ni wangu, tunabeba pamoja. Ni maneno ya kufariji tu, hakuna anayeyapima uzito. Nilipofika kwenye neno la mwisho, ile harufu ya maji ikakatika. Haikufifia, ilikatika.

Bi Hester akavuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Kisha akainua kikombe cha mti kilichojaa bia, akanipitishia vile vile juu ya maiti.

"Samahani, Bi Hester. Mimi Mwislamu. Hiyo siwezi."

"Lazima."

"Siwezi, bibi yangu. Unajua siwezi. Miaka yote hii unanijua."

"Ni viwili, Mwana. Lazima viwe viwili." Sauti yake ilikuwa imebadilika. Haikuwa ya mfiwa tena. "Mdomo mmoja. Tafadhali."

Nikatikisa kichwa. Mkono wake ukabaki hewani na kile kikombe, bia inamwagikia shuka. Ruphin, aliyekuwa mlangoni na kofia mkononi, hakuvumilia kuona mzee anaaibika. Akasogea.

"Lete, mama," alisema. "Pombe ya kilio haikataliwake."

Bi Hester hakuelewa Kiswahili chake mpaka kikombe kilipokuwa mdomoni. Alinyoosha mkono kumzuia, akachelewa. Ruphin alikunywa yote, akafuta midomo, akapiga ishara ya msalaba.

Yule bibi akakaa chini sakafuni, taratibu.

"Haigawanywi," alinong'ona. "Haijawahi kugawanywa."

Nikainama nimwinue. Akajikunyata nisimguse. Aliichukua sahani na kikombe kwa ncha ya kitambaa, akavitupa motoni chini ya dohani, akafungua mlango wa nyuma, ule wa kutolea takataka.

"Nendeni. Msiniage."

Tukatoka. Tulikuwa hatujafika hata kona, Ruphin akasimama katikati ya njia, kiza kimetanda, mtaa mzima hauna taa.

"Unasikia kengele?" akauliza.

Sikusikia kitu. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

"Saba," akasema. "Imegonga saba, imenyamaza."

Nusaiba alikuwa na miaka saba.

Bi Maud alizikwa na watu wa kanisa lao. Mimi nilisimama mbali, na Bi Hester alipita mbele yangu bila kunisalimia. Niliporudi kazini nilikuta kazi zangu zimewekwa barazani, na chakula changu barazani, kwenye karatasi, si sahani. Aliniongelesha kwa nyuma ya mlango. Siku chache baadaye aliniambia nisije tena. Iliniuma kweli. Nilimwosha dada yake, nikala mkate wake, na sasa nimekuwa mkoma.

Halafu ikaja jioni ya beseni.

Nilichemsha maji, nikamkalisha Nusaiba kwenye beseni kubwa jikoni, nimwoshe nywele. Jua lilikuwa linazama. Nakumbuka sabuni. Nakumbuka ananicheka kwa kuwa povu limenirukia puani. Nakumbuka kiganja changu utosini mwake, nywele laini zimelowa...

Kisha nakumbuka Léocadie ananivuta kwa kilemba, kwa mikono miwili.

"Mama Nusaiba. Mama Nusaiba, utamuua mutoto."

Nusaiba alikuwa sakafuni, uchi, anakohoa maji, macho yamemtoka. Na mikono yangu ilikuwa bado ndani ya beseni. Beseni tupu. Inakandamiza. Nilikuwa naiangalia, naiambia iache, na haikuacha mara moja.

Jiko lote lilinuka bwawa.

Nilimkumbatia Léocadie kiunoni nikalia kwa sauti, kwa kuwa sikuthubutu kumkumbatia mwanangu. Nimepata mabaya maishani, nimeachwa, nimelala kituoni, nimetukanwa kwa ugeni wangu. Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoiogopa mikono yangu mwenyewe.

Usiku Nusaiba alikuja mpaka mlangoni, akasimama kizingitini. Mtoto wa huku, Kiswahili anakisikia lakini anajibu Kiingereza. Siku ile alijitahidi.

"Mama, ulikuwa unaimba."

"Nini?"

"Kiingereza. Maua... na daraja. Ulikuwa unaimba vizuri."

Kiingereza changu ni cha kuuzia nyanya. Hakina wimbo hata mmoja.

Nilikwenda kwa ustadhi wa kisomo. Akanisomea, akanipulizia maji, akasoma tena mpaka jasho likamtoka. Mwishoni akafunga msahafu akanitazama kwa masikitiko. "Huna jini, binti yangu," alisema. "Jini ningesema naye, angenijibu. Hiki ulichonacho kimya. Umekipokea kwa mkono wako, na mwenyewe uliyempokelea haonekani kukitaka tena." Akanirudishia sadaka yangu. Ustadhi akirudisha sadaka, jua pana jambo.

Nikamfuata Ruphin kwenye kibanda chake cha ulinzi. Nilimkuta anafuta machozi kwa kofia. Mwanamume mrefu vile, rungu magotini, analia jua halijazama.

"Kaka Ruphin, una nini?"

"Minaona mutoto," alisema. "Kila siku. Eko chini ya mayi, anaangalia juu. Ananiangalia mimi. Moyo yangu inamulilia, na simujue. Mutoto muzungu, ana maua ku kichwa." Akanishika mkono, kisha akauachia haraka kama umemchoma. Akauangalia. "Anaitwa Elsie. Nani aliniambia anaitwa Elsie?"

Nikamweleza ya beseni. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza jambo moja tu, kama Nusaiba alikunywa maji mengi, na alivyouliza nilijua anampenda mwanangu kuliko alivyompenda wiki iliyopita. Kupita kiasi.

Tulikwenda pamoja kwa Bi Hester. Magharibi, mwanga wa mwisho umebaki juu ya mabati. Alifungua mlango ufa mmoja, mnyororo umefungwa, nikaona jicho na nusu ya mdomo. Alipomwona Ruphin alifumba jicho.

"Tulikula nini?" nikauliza.

Nilidhani atafunga mlango. Hakufunga. Pengine kwa upweke wake hata sisi tulikuwa watu.

"Wenbrook kulikuwa na mtu," alianza. Nayaweka kwa Kiswahili, kama nilivyoyaelewa. "Aliishi nje ya kijiji, kwenye kibanda, upande wa pili wa kijito. Hakuna aliyemsalimia. Mtu akifa na jambo moyoni, jambo zito, alitumiwa ujumbe aje bila kula. Akapewa mkate na bia juu ya maiti. Akala, akanywa, dhambi za yule mfu zikawa zake, na mfu akalala. Mchungaji alikataza. Wakubwa walisema mambo hayo yalikwisha zamani. Lakini bibi yetu alipokufa nilijificha kwenye ngazi, nikamwona. Alikula kama mwenye njaa kweli."

"Na Bi Maud alikuwa na jambo gani?"

Mbwa wa jirani akabweka mara moja, akaacha.

"Siku ya kwanza ya mwezi wa tano," alisema, "wasichana huosha nywele bwawani wavae mashada. Maud alikuwa anamwosha Elsie, mdogo wetu, miaka saba. Elsie ndiye aliyekuwa mzuri. Ndiye aliyechaguliwa kuwa malkia wa maua. Mimi nilikuwa juu, darajani. Nilidhani wanacheza."

Akaushika mnyororo wa mlango.

"Hapana," akasema. "Sikudhani."

Ruphin alitoa mguno, kama mtu aliyepigwa tumboni.

"Mkate ni kitendo," Bi Hester aliendelea, kwa haraka sasa, kama anayetaka kumaliza. "Bia ni majuto. Aliyebeba vyote viwili, majuto huishika mikono. Maud aliikalia mikono yake maisha yake yote. Hakumgusa mtoto wa mtu, hakuolewa. Wewe, Mwana, umechukua mikono peke yake."

Nikashika nguzo ya baraza.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekula?"

"Kwa nini mimi, Bi Hester? Nilikuosha. Nilikupikia. Ulikuwa unacheka na mimi."

"Lazima awe mtu wa nje," alisema, kwa upole, kama anayemfundisha mtoto. "Asiye na watu wa kuja kuuliza. Siku zote tulimchukua mtu wa nje." Akavuta pumzi. "Na nilitaka kuona kama bado inafanya kazi. Na mimi zamu yangu haiko mbali."

Akafunga mlango. Tulisikia komeo la juu, la kati, la chini. Hatukumwona tena. Nyumba iliuzwa, wakasema mtu wa kanisa lao alimchukua kwenda naye Cape, na nani alikula mkate wake sijui, na ninamwombea huyo mtu kila nikiswali.

Sasa ukiniuliza kwa nini sikumpeleka mtoto Tanga kwa mama yangu, nitakuambia hana karatasi za kuvukia mpaka, amezaliwa huku kama uyoga, hana wa kumwandikisha. Ukiniuliza kwa nini sikwenda mimi, basi huna mtoto. Nilijaribu vyote. Nilijifunga mikono kwa mtandio kila jua likikaribia kuzama, nikaikuta imejifungua. Nililala jikoni mlango umefungwa kwa nje, nikaamka nimesimama mlangoni, viganja vimelowa, na hakuna bomba lililofunguliwa.

Léocadie ndiye aliyelisema. Alilisema huku ananisuka, nisimwone uso.

"Utupatie mutoto, dada. Kidogo tu. Mpaka Mungu atafungua njia."

Nilijua ana haki. Nusu yangu ilitaka kumzamisha mwanangu. Nusu aliyonayo Ruphin ilitaka kumtoa majini, mchana na usiku, haina kazi nyingine. Duniani kote hapakuwa na mtu ambaye Nusaiba angekuwa salama zaidi mikononi mwake. Wakahamia La Rochelle, kusini ya mji, chumba cha uani kisicho na beseni, wanaoga kwa kopo. Mimi nikabaki Troyeville.

Niliruhusiwa Jumapili, mchana, jua kali. Nakaa upande huu wa meza, Nusaiba upande ule, Léocadie katikati. Kugusana hapana. Mwanzo alilia nikiondoka, nami nililia njia nzima mpaka abiria wa teksi wakanipisha kiti. Baadaye akawa halii. Nikafurahi, na furaha ile ilinikata maini.

Ruphin alimchunga vizuri mno. Aliacha kazi ya jioni ili awepo. Mvua ikinyesha alimbeba asikanyage dimbwi. Alianza kumletea maua, yale ya kuokota pembeni mwa barabara, akamsukia shada kichwani kwa vidole vyake vizito. Léocadie alisema anamdekeza. Alisema akicheka. Kisha siku nyingine alisema bila kucheka.

Mwaka wa pili, Sikukuu ya Idi, nilimnunulia Nusaiba gauni la miaka tisa. Léocadie alimvisha chumbani akamtoa nje. Lilikuwa linaburuta sakafuni. Mabega yalimwanguka.

Nikacheka, nikasema wenye maduka siku hizi hawajui vipimo. Léocadie hakucheka. Akaingia ndani, akatoa gauni la zamani, lile alilohama nalo Troyeville. Akamvisha.

Lilimkaa sawasawa.

"Hajakua," Léocadie alininong'oneza. "Hata meno, dada. Hata kucha sijamukata."

Nilimtazama mwanangu. Alikaa upande wake wa meza, anachora kwa penseli, shada la maua kichwani. Alikuwa mzuri, ngozi imetulia, uso mtulivu kama mtu anayesubiri. Hakuwa amenisalimia tangu niingie.

"Nusaiba," nikamwita.

Penseli iliendelea.

"Nusaiba. Mama anakuita."

Hakuinua kichwa. Nikaita tena, kwa jina lake zima, na la baba yake, na la babu yake, sauti ikanipasuka. Léocadie alifunika mdomo kwa kanga.

Ruphin alikuwa dirishani. Aligeuka, macho yamejaa machozi ya mapenzi, na kwa sauti ya upole kuliko zote nilizowahi kumsikia, akaita,

"Elsie."

Mtoto akainua uso, akatabasamu.

"Yes?"

Na chini ya meza mikono yangu ikafumbuka. Ilikuwa imemsikia anavyoitika. Niliisikia inalowa, kidole kwa kidole, jua la mchana linawaka uani na watoto wa jirani wanacheza mpira. Ile harufu ilipanda mpaka kooni.

Nikasimama. Nilitamani kumbusu, sikumbusu. Nilimwambia Léocadie afunge mlango nyuma yangu, na mahali anapoweka ufunguo asinionyeshe, hata siku nitakayomlilia.